Semina inaishia Arua, shule yangu iko Koboko

Wiki mbili zilizopita tulikaa mkutano wa walimu wakuu, afisa mmoja aliyetoka Kampala akatuwekea ukutani ramani ya Uganda, kila kanda imepakwa rangi kulingana na msaada iliopata wa kufundisha walimu na kuwafundisha wakuu wa shule kuongoza. West Nile, kwetu kaskazini magharibi, kijani kibichi. Kampala na Wakiso kijani pia. Karamoja, kaskazini mashariki, njano. Akasema kanda za kijani zimefikiwa vizuri kwa hiyo mwaka huu nguvu itaenda kwingine. Wenzangu wakaandika kwenye madaftari yao. Mi nikabaki naitazama ile kijani natafuta shule yangu ndani yake, sikuiona, na tangu siku ile hili jambo halinitoki kichwani ndo maana leo naandika.

Yule afisa hakudanganya, niseme hivyo mapema. Semina zilifanyika kweli, Arua mjini, na mimi mwenyewe nilihudhuria mbili. Majina yetu yako kwenye fomu, sahihi ziko, namba za simu za kutumiwa nauli kwa mobail mani ziko. Shida ni kwamba ramani inahesabu pale semina ilipokaa, alafu rangi inamwagika mpaka mpakani kwa Congo na Sudan Kusini, wakati huku mpakani hakuna aliyekuja kukaa nyuma ya darasa la P2 amwangalie mwalimu anavyofundisha. Miaka sita sasa. Nimehesabu kwenye kitabu cha wageni cha shule, ukurasa kwa ukurasa, nikakuta watu wa chanjo, watu wa siasa, watu wa kuhesabu vyoo, mkaguzi mara tatu na mara zote tatu aliishia ofisini.

Niwarudishe nyuma kidogo. Nilianza kazi 1999 na cheti changu cha ualimu wa msingi, Grade III, Koboko bado ilikuwa kaunti tu ndani ya wilaya ya Arua. UPE, ile elimu ya msingi bila karo kwa wote, ilikuwa na miaka miwili. Mliokuwepo mnakumbuka, 1997 milango ya shule za msingi ilipofunguliwa bila karo watoto nchini waliruka kutoka kama milioni 3 wakafika zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja, na mimi P1 yangu ilikuwa na watoto 140, wamekaa chini, wengine wanasikilizia dirishani. Walimu hawakutosha, shule zikachukua vijana waliomaliza sekondari tu ambao hawajawahi kusomea ualimu hata siku moja. Kilichotuokoa ni ule mfumo wa kuwaendeleza walimu ulioitwa TDMS.

Kwa ambao hamkuukuta, ulianza kwenye miaka ya 1990 na ulikuwa rahisi kuuelewa. PTC, yaani vyuo vya walimu wa shule za msingi, 23 nchi nzima zilichaguliwa ziwe mama, kila moja ikapewa eneo lake la kulea, na lile eneo likakatwa vipande vipande, kila kipande shule kama ishirini hivi zinazozunguka kituo kimoja. Kituo chenyewe kilikuwa ndani ya shule ya msingi iliyo katikati, kina chumba cha mikutano na kabati la vitabu, na hapo anawekwa mtu mmoja, tyuta, ambaye wote tulimwita CCT, anapewa pikipiki. Kazi yake ni kuzunguka. Wale vijana wasiosomea anawafundisha likizo ya shule, katikati ya muhula anawafuata madarasani kuona kama walichosoma wanakitumia, na akimaliza na walimu anakaa na mwalimu mkuu.

CCT wetu alikuwa mzee mrefu mwenyeji wa Maracha. Siku ya kwanza kuja kwangu nilitetemeka mpaka chaki ikakatika mkononi. Akasema, "Madam, endelea tu, mimi leo ni mwanafunzi wako," akakaa chini nyuma kabisa na watoto kwa sababu benchi hakuna, ana kidaftari chake kidogo. Somo lilipoisha tukatoka chini ya mwembe. Akaniuliza leo nimewauliza maswali watoto gani. Nikamtajia majina saba nane kwa kujiamini kabisa. Akafungua kidaftari, kumbe alikuwa amelichora darasa langu, kila mtoto ni kidoti, na kila niliyemuuliza swali amewekewa kamstari. Mistari yote ilikuwa mbele upande wa dirisha. Huko nyuma na upande wa ukuta, watoto karibu mia, sikuwa nimemgusa hata mmoja somo zima.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Nitarudi Alhamisi ya wiki ijayo," na Alhamisi hiyo mvua ilinyesha vibaya sana lakini nikasikia pikipiki.

Mpaka leo nikiingia darasani nawaona watoto kama vile vidoti. Na siku hiyohiyo baada ya kuachana na mimi alikaa na mwalimu mkuu wetu saa nzima wanapitia daftari la pesa za UPE, anamwonesha namna ya kuwasomea kamati ya shule hesabu ili wasimshuku. Mtu mmoja, siku moja, pikipiki moja, mwalimu amesaidiwa na mkuu wake amesaidiwa, na kila mmoja anajua mwenzake ameambiwa nini. Siku hizi hivi vitu viwili vimetenganishwa, uongozi una mradi wake na ufundishaji una mradi wake, wanakuja na magari tofauti, na ukimuuliza huyu wa uongozi kuhusu P2 anakwambia hiyo siyo sehemu yetu.

Sasa ilikuwaje ile kitu ikafifia. Sababu moja ninayoiona kwa macho yangu ni kwamba wilaya zilizaliana na msaada haukuzaliana nazo. Yumbe ilikatwa kutoka Arua mwaka 2000, sisi Koboko 2005, baadaye Maracha, Madi-Okollo, na Terego 2020, alafu Arua mjini ikawa jiji. Kila wilaya mpya imepata ofisi ya elimu, afisa elimu wa wilaya (DEO), meza, muhuri. Lakini PTC zilizokuwa mama kwetu West Nile ni zilezile, Arua na Lodonga, na CCT waliokuwa wanazunguka kutoka vituoni wamezeeka, wengine wamestaafu hawajawekewa mtu, pikipiki zimekufa na zimeegeshwa nyuma ya vituo kuku wanatagia juu yake. Wa kwetu wa mwisho alibebeshwa vituo viwili, petroli anaweka mwenyewe. Huwezi kumlaumu mtu kama huyo akizitembelea tu shule zilizo kando ya lami.

Mwaka 2014 mimi nikafanywa kaimu mwalimu mkuu. Nilipewa vitu vitatu: funguo, muhuri na kitabu cha benki. Hakuna aliyeniketisha hata nusu saa. Miezi ya kwanza nilifanya kosa ambalo bado linaniuma, kuna mwalimu alichelewa siku mbili mfululizo nikamsemea mbele ya paredi watoto wote wanasikia, sikuwa hata nimemuuliza, kumbe mama yake alikuwa amelazwa. Walimu wote wakafunga midomo muhula mzima. Wanakuja, wanafundisha, wanaondoka, staffrumu nikiingia mazungumzo yanakatika. Ningekuwa na yule mzee wa Maracha angenishika mkono siku ileile chini ya mwembe akaniambia madam hapa umekosea, nenda kaombe msamaha kesho asubuhi. Mimi nilichukua miezi mitatu kujua hivyo mwenyewe.

Alafu ndo zikaja hizo semina za Arua. Na nataka niwe mkweli, mafunzo yenyewe yalikuwa mazuri. Siku mbili, hoteli, projekta, tumepewa faili na kalamu, tumefundishwa kuandika mpango wa kuboresha shule, tumeambiwa mkuu wa shule aingie madarasani angalau mara mbili kwa wiki aache kujifungia ofisini. Nilirudi na moto. Jumatatu nafika, walimu wawili hawapo, mmoja uzazi na mwingine amehamishwa hajaletwa mwenzake, nikaingia P5 kufundisha hesabu mimi mwenyewe na sikutoka mle mpaka muhula ukaisha. Serikali inasema mwalimu mmoja kwa watoto 53. P1 yangu mwaka huu ina 131 na mwalimu mmoja. Ule mpango wa kuboresha shule uko ukutani ofisini, mzuri, umechapwa. Nilichokuwa nakihitaji ni mtu wa kuja wiki ya tatu, wiki ya sita, aone nimekwama wapi tukwamuke wote. Hakuna aliyekuja, na kwenye ramani nikapakwa kijani.

Tena hata ndani ya hiyo West Nile yenyewe msaada hauko sawa hata kidogo. Tangu kambi ya Bidibidi ifunguliwe Yumbe Agosti 2016 na wakimbizi wa Sudan Kusini wakajaa, mashirika yamekuja mengi na yamefanya kazi ya kuheshimika, wamejenga madarasa, wameajiri walimu wasaidizi wanaojua lugha za watoto, wamefundisha wakuu wa shule kule na wanawafuatilia kila mwezi. Koboko tunayo kambi ya Lobule ya ndugu zetu Wacongo, kule nako kuna msaada. Na kuna ule utaratibu wa asilimia 70 kwa 30, kwamba msaada unaokuja kwa ajili ya wakimbizi sehemu ya tatu hivi iwaguse wenyeji wanaowapokea. Ni utaratibu mzuri, naunga mkono kwa moyo wote, watoto wale wamepita kwenye mambo ambayo mtoto hapaswi kuyaona. Lakini mwenyeji anayehesabiwa ni yule aliye jirani kabisa na kambi. Shule yangu iko mbali nayo kwa mwendo wa boda saa moja na nusu, watoto wa wakimbizi ninao darasani pia, wamekuja kuishi kwa shangazi zao kijijini, hawako kwenye daftari la kambi, basi hawahesabiki na mimi sihesabiki.

Rafiki yangu tuliyesoma naye PTC anafundisha Kaabong. Ananitumia sauti wasap usiku akipata mtandao. Yeye Karamoja yake iliyopakwa njano, na nilipomwambia kuhusu ramani akasema hata hiyo njano ni ya Moroto, "semina zetu ni Moroto, kutoka huku ni zaidi ya kilomita 150, mvua ikinyesha ule udongo mweusi unashika gari kama gundi, walimu wawili wakienda semina shule imefungwa wiki." Akanikumbusha kitu ambacho sikuwa nimekifikiria. Tangu 2010 walimu wa maeneo magumu kufikika wanaongezewa asilimia 30 ya mshahara wa msingi ili wakubali kukaa huko, Karamoja imo, visiwa vya Kalangala vimo, na Bundibugyo kule nyuma ya Rwenzori. Hiyo imemsaidia mwalimu kwenda. Lakini yule wa kumfundisha mwalimu, wa kumtembelea mkuu wa shule, hakuna kilichomsukuma afike. Ugumu wa kufikika umelipiwa kwa anayefikiwa, anayetakiwa kufika amesahauliwa.

Kampala sitaisema sana. Mwalimu wa Kampala akitaka kuelewa mtaala anaweza kumaliza kipindi saa nane akapanda matatu hadi Kyambogo ziliko ofisi za NCDC, wale wanaoandika mitaala, akarudi jioni. UNEB, baraza la mitihani, iko Ntinda. Hata kama hajapewa semina yoyote yuko karibu na watu wanaojua. Ukitoka Koboko ni zaidi ya kilomita 500, basi la usiku, na daraja la Karuma lilipofungwa 2024 kwa matengenezo njia ikawa ndefu zaidi, semina tuliyoahidiwa muhula ule ikaahirishwa, haikurudi tena.

Kuna na hili la lugha. Tangu mtaala wa 2007 mtoto wa P1 mpaka P3 afundishwe kwa lugha ya nyumbani. Semina ya kusoma niliyomtuma mwalimu wangu, vitabu vilivyogawiwa vilikuwa vya Kilugbara kwa sababu ndo kanda inavyojulikana, West Nile basi Kilugbara. Sisi ni Wakakwa. Yule binti alirudi na boksi zima la vitabu vizuri vyenye picha, akaanza kutafsiri mwenyewe kwa kalamu ya risasi juu ya kila mstari, usiku kwa tochi ya simu. Alitafsiri vitabu vinne. Bado ninavyo na ukivifungua utaona mahali alipofuta na kuandika upya mara tatu kwa neno moja.

Na Kiswahili je? Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha kiwe lazima shule za msingi na sekondari, huku mpakani tulishangilia kwa kuwa Koboko sokoni, stendi, msikitini, hospitalini, Kiswahili ndo kinachotuunganisha na Congo na hata na Wasudan wengi. Tunacho mdomoni. Cha kukifundisha, mtu wa kutuonesha namna ya kumpa mtoto wa P4 ngeli na kuandika insha, hatujamwona. Tungeweza kuwa wa kwanza Uganda kwenye hili jambo, walimu wangu wanne wanakiongea tangu utotoni, wanahitaji kushikwa mkono tu kidogo.

Sera ya walimu ya 2019 imeweka kwamba mwalimu wa kila ngazi awe na digrii, na taasisi mpya UNITE imeundwa kusimamia, kampasi zake ni zile zilizokuwa NTC, vyuo vya walimu wa sekondari: Muni, Unyama kule Gulu, Kaliro, Mubende na Kabale. Sisi tuna bahati, Muni iko Arua. Karamoja haina. Yule rafiki yangu wa Kaabong ana miaka zaidi ya ishirini kazini na mshahara wa Grade III, karibu laki tano kwa mwezi, anatakiwa asafiri mpaka Gulu au Kaliro likizo zote, ajilipie, alale kwa nani? Sipingi digrii. Mimi mwenyewe nimeisomea kwa shida na imenifungua macho. Nauliza tu kwa nini umbali haumo kwenye hesabu ya sera hata moja.

Alafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake, na miradi mingi ya kusoma na ya kufundisha walimu iliyokuwa inategemea pesa hiyo ikazima kama taa. Vijana waliokuwa wanatembelea shule za jirani zetu walipewa barua, wakarudisha pikipiki na tableti, wakaenda nyumbani. Pale ndo niliona tofauti. Zile shule zilizokuwa zinatembelewa kila mwezi walimu wao hata sasa wanaendelea na yale walioyazoea, yameingia mwilini. Zile zilizopewa semina ya siku mbili, ukiuliza, watakuonesha cheti.

Kwa hiyo mi ningempata yule afisa tena ningemwomba kitu kimoja, aache kuuliza kanda imepata semina ngapi, aulize kila shule: mara ya mwisho mtu kukaa nyuma ya darasa lako na kuzungumza na wewe ni lini, na alirudi? Aandike tarehe. Apake rangi shule kwa shule. Naamini kijani ya West Nile itabaki kamstari tu kando ya lami na duara kuzunguka makambi, na atakuta shule nyekundu hata ndani ya Wakiso, kule ziwani. Pesa ya hoteli ya siku mbili kwa walimu wakuu 60, ukiigeuza petroli, CCT mmoja anazunguka muhula mzima na zaidi.

Sisi hatukungoja. Tuko walimu wakuu wanne wa gombolola yetu, shule zinapakana, tumekubaliana kila mwezi tunakutana shule moja, siku ya Ijumaa. Wageni watatu tunaingia madarasani na kidaftari, tunachora vidoti kama yule mzee alivyonichorea, baadaye tunakaa na mwalimu, alafu tunakaa na mwalimu mkuu mwenyeji tunapitia hesabu zake. Mwezi uliopita mwenzangu mmoja aliniambia mikutano yangu ya walimu naongea mimi tu, alikuwa amepima dakika. Dakika 40 mimi, dakika 6 walimu kumi na mmoja. Nilinyamaza nikaandika.

Tunataka kukutania kwenye kile chumba cha zamani cha kituo cha CCT kwa sababu kiko katikati na kina ubao mkubwa, miaka yote kilikuwa kinafungiwa mahindi. Tumeomba funguo, tumepewa Jumanne. Ndani kuna popo wengi, dari imeoza upande mmoja, lakini kabati la vitabu bado limesimama na kwenye rafu ya chini nimekuta madaftari ya ziara za madarasani ya 1999 hadi 2003. Nimeyapangusa vumbi nimekuja nayo nyumbani. Natafuta ukurasa wangu.